Francesco: Jina la Kitaliano Kuliko Yote, Kumbe Maana Yake ni "Mfaransa"

Simama kwenye mtaa wowote wa Roma, Napoli au Palermo, halafu paza sauti: "Francesco!" Atageuka muuza kahawa, atageuka dogo mwenye mpira, atageuka na babu aliyekaa kwenye benchi anasoma gazeti. Ni jina ambalo Italia imelizoea kama Bongo ilivyowazoea akina Juma na John. Limebebwa na watakatifu, washairi, watawala, wanasoka na madereva wa pikipiki za mashindano.

Sasa cheki hii. Jina hilo hilo, ambalo dunia nzima ikilisikia inafikiria pasta na Vespa, maana yake ni "Mfaransa". Yaani kwa zaidi ya miaka 800 wazazi wa Kiitaliano wamekuwa wakiwaita watoto wao kwa jina la majirani zao, tena majirani ambao kwenye mpira hawapikiki chungu kimoja, na hakuna anayeona ajabu.

Ukiingia kwenye kurasa za majina ya watoto mtandaoni utaambiwa Francesco ni "mtu huru", basi, mchezo umeisha. Jibu hilo si uongo, ila limekatwa kichwa na mkia. Stori kamili ina baba mwenye mkwanja, mama ambaye chaguo lake lilipigwa chini, kijana aliyevua nguo zote mbele za watu akamrudishia baba yake, na jina lililobaki baada ya kila kitu kurudishwa.

Kwanza, linatamkwaje?

Fran-CHES-ko. Kwa Kiitaliano herufi "c" ikifuatwa na "e" inasomeka kama "ch" ya kwenye "cheka", lakini ikifuatwa na "o" inakuwa "k". Ndiyo maana ndani ya jina moja "c" mbili zinasikika tofauti. Mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwenye maneno ya Kiswahili, kwa hiyo Mswahili akishajua hiyo "che" hana shida tena.

Mshua aliyerudi safari na kubadilisha jina la mtoto

Mwaka 1181 au 1182, kwenye mji mdogo wa Assisi ulioko mlimani katikati ya Italia, mfanyabiashara wa vitambaa aliyeitwa Pietro di Bernardone alipata mtoto wa kiume. Wakati mtoto anazaliwa, mshua hakuwepo. Alikuwa Ufaransa kufuata mzigo, maana enzi hizo vitambaa vya maana vilipatikana kwenye masoko ya huko. Mama, anayekumbukwa kwa jina la Pica, akambatiza mtoto kwa jina la Giovanni, yaani Yohana. Jina la heshima, la Biblia, lisilo na maswali.

Pietro aliporudi, akalipiga chini. Mtoto ataitwa Francesco. Mfaransa.

Kwa nini? Maelezo yanayorudiwa zaidi ni kwamba mzee alikuwa anaipenda Ufaransa kwa sababu ndiko ulikotoka utajiri wake. Ili kuelewa, fikiria mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou, anarudi nyumbani anakuta mke amejifungua na mtoto ameshapewa jina la babu, yeye anasema hapana, huyu ni "Mchina". Majirani wangecheka. Lakini wangejua pia kwamba huyu mtu biashara yake iko vizuri. Kwa lugha ya leo, mshua alikuwa anaweka wazi ameshafika wapi.

Na wakati huo Francesco halikuwa jina la kuita watoto hovyo. Lilisikika zaidi kama utani, kama a.k.a. ya mtu, kuliko jina la kuandikwa kwenye ubatizo. Hapo ndipo maajabu yanapoanzia, kwa sababu hilo jina la kujionyesha lilienda kuangukia kwa mtu ambaye baadaye angechukia kujionyesha kuliko kitu kingine chochote.

Hiyo "huru" nayo imetoka wapi?

Mzizi wa jina ni Wafranki, watu wa asili ya Kijerumani waliokuwa wakiishi kandokando ya mto Rhine. Dola ya Kirumi ilipoporomoka, kuanzia miaka ya 400 na kitu, Wafranki waliteka nchi iliyoitwa Gaul, na nchi ikaanza kuitwa kwa jina lao. Hiyo ndiyo Ufaransa. Kwa Kilatini mtu wao mmoja aliitwa Francus, na kitu au mtu wa kwao akaitwa Franciscus. Kutoka hapo ikaja Francesco.

Kwa kuwa Wafranki ndio walikuwa watawala, wao ndio waliokuwa na uhuru kamili katika nchi ile, wakati wengine walikuwa watumwa au watu wa kutumikishwa. Taratibu neno "frank" likaanza kumaanisha mtu huru, asiye chini ya mtu. Kwa hiyo "huru" ni maana iliyozaliwa juu ya maana ya kwanza. Kwanza lilikuwa jina la kabila, halafu likawa jina la hadhi.

Na kama unadhani neno hili liko mbali na Waswahili, angalia tena. Waarabu wa wakati wa vita vya msalaba waliwaita Wazungu wa Ulaya Magharibi Ifranj, yaani Wafranki. Ethiopia mpaka leo mgeni mweupe anaitwa ferenji. Na ukivuka kuingia Rwanda, Burundi au Kongo, hela unayoshika mkononi ni faranga, neno lililotoka kwenye sarafu ya Ufaransa iliyopewa jina la Wafranki hao hao. Francesco, faranga na Ufaransa ni ndugu wa tumbo moja.

Mtoto wa tajiri aliyerudisha kila kitu

Francesco wa Assisi alikua kama watoto wengi wa matajiri. Nguo kali, marafiki wengi, sherehe usiku, na bili analipa mshua. Waandishi wa zamani walioandika maisha yake wanasema alijua Kifaransa, na hata baadaye akiwa maskini, furaha ikimzidi alikuwa anaimba kwa Kifaransa. Kwa maana hiyo jina lilimkaa.

Alitaka pia kuwa shujaa wa vita. Mwaka 1202 Assisi ilipigana na mji jirani wa Perugia, ikafungwa vibaya, na Francesco akatekwa. Alikaa gerezani kama mwaka mmoja, akatoka anaumwa. Tangu hapo akawa mtu mwingine. Bata hazikumnogea tena. Akaanza kukaa na wagonjwa wa ukoma, watu ambao wenzake walikuwa wanapita mbali nao.

Kilichomwasha baba yake ni vitambaa. Francesco alibeba vitambaa vya dukani, akaenda kuviuza mji wa Foligno, akauza na farasi aliyempanda, halafu hela akataka zikatengeneze kanisa bovu la San Damiano lililoko nje ya mji. Pietro alipojua, nyumba iliwaka moto. Alimfungia kijana ndani. Mama alimfungulia baba alipokuwa safarini. Mwisho baba akaipeleka kesi kwa askofu wa Assisi, akidai mali yake.

Mwaka 1206 hivi, mbele ya askofu na watu wa mji, Francesco akamaliza kesi kwa namna ambayo hakuna aliyeitegemea. Alirudisha hela. Halafu akavua nguo zote alizovaa, kwa sababu nazo zilitoka dukani kwa baba, akazikabidhi. Akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo baba yake ni wa mbinguni peke yake. Askofu ikabidi amfunike kwa joho lake.

Hapa simama kidogo. Kijana amerudisha hela, amerudisha nguo, ameukataa urithi, amemkataa hata baba mwenyewe. Lakini kuna kitu kimoja cha baba hakukirudisha: jina. Angeweza kabisa kurudi kwenye Giovanni, jina la ubatizo alilopewa na mama, jina la mtakatifu, lililomfaa mtu anayeanza maisha ya sala. Hakufanya hivyo. Aliendelea kuitwa Mfaransa, jina la masoko na vitambaa vya bei, huku amevaa kanzu ya maskini iliyofungwa kwa kamba.

Na jina hilo ndilo lililogeuka. Pietro alilitia maana ya "tuna mkwanja". Mwanawe akaishi nalo miaka ishirini mpaka likamaanisha kinyume chake.

Kutoka a.k.a. hadi jina la taifa

Mwaka 1209 Francesco na wenzake wachache walikwenda Roma, na Papa Innocent III akawakubalia mtindo wao wa maisha. Ndani ya miaka michache wakawa maelfu. Mwaka 1219, katikati ya vita vya msalaba, alikwenda Damietta, Misri, akavuka upande wa pili na kuonana na Sultani al-Kamil. Vita havikusimama, lakini alirudi salama, na kukutana kwao kunazungumzwa mpaka leo. Mwaka 1223 kule Greccio aliandaa pango la Krismasi lenye ng'ombe na punda wa kweli, desturi ambayo bado inaonekana makanisani kila Desemba.

Karibu na mwisho wa maisha yake, akiwa mgonjwa na macho yanafifia, alitunga wimbo wa kumsifu Mungu kwa ajili ya jua, maji, moto na viumbe vyote. Hakuutunga kwa Kilatini. Aliutunga kwa lugha ya watu wa kwao, na leo unahesabiwa kati ya kazi za kwanza kabisa za fasihi ya Kiitaliano. Kwa kifupi, aliyekuwa mstari wa mbele kuandika Kiitaliano aliitwa Mfaransa.

Alifariki jioni ya Oktoba 3, 1226. Hazikupita hata miaka miwili, Julai 16, 1228, akatangazwa mtakatifu. Kuanzia hapo wazazi wakaanza kuwaita watoto Francesco na Francesca, na hawakuwa na Ufaransa kichwani hata kidogo. Walikuwa wanamfikiria maskini wa Assisi. Mwaka 1304 alizaliwa Francesco Petrarca, mmoja wa washairi wakubwa wa Italia. Jina lilikuwa limeshahama kutoka kwenye utani, limeingia ubatizoni.

Likavuka mipaka pia. Wahispania na Wareno wakasema Francisco, Wafaransa wenyewe wakalipokea kama François, Wajerumani Franz, Wahungari Ferenc, Wapolandi Franciszek. Mji wa San Francisco kule Marekani umebeba jina la mtu huyo huyo. Na ukiagiza kapuchino kwenye mgahawa, kumbuka kinywaji hicho kimeitwa kwa sababu ya Wakapuchini, tawi la Wafransisko lililoanza Italia miaka ya 1520. Kanzu zao za kahawia zilifanana na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa.

Wakapuchini hao kutoka Uswisi walifanya kazi Tanganyika, upande wa Dar es Salaam na Mahenge, na hospitali ya Ifakara inaitwa Mtakatifu Fransisko mpaka leo. Kina Fransisko, Fransiska na Francis wengi wa huku wanatoka kwenye mkondo huo wa Assisi.

Francesco wa pili, na picha maarufu kuliko zote

Watu wa Calabria, kusini kabisa mwa Italia, ukiwatajia San Francesco wanaweza kukuuliza: yupi? Wana wa kwao. Francesco di Paola alizaliwa mwaka 1416. Wazazi wake walikaa muda mrefu bila mtoto, wakamwomba mtakatifu wa Assisi, na mtoto alipopatikana wakampa jina lake. Naye akawa mtawa. Simulizi za huko zinasema mwenye mashua alikataa kumvusha mlango wa bahari wa Messina kwa sababu hana nauli, akatandika joho lake juu ya maji akavuka nalo. Ndiyo maana mabaharia wa Italia wanamwona ni wao.

Mfalme Louis XI wa Ufaransa alipozidiwa na ugonjwa, alimwita. Akaenda, na akabaki huko mpaka kifo chake mwaka 1507. Jina la "Mfaransa" likawa limerudi Ufaransa kwa miguu yake lenyewe. Halikuishia hapo. Mwanamke wa ukoo wa kifalme, Louise wa Savoy, alimwomba mtawa huyo amwombee apate mtoto wa kiume. Mwaka 1494 akajifungua, akamwita François. Huyo ndiye mfalme François wa Kwanza.

Sasa unganisha vitu viwili. Pale Firenze aliishi mfanyabiashara wa hariri aliyeitwa Francesco del Giocondo. Mke wake, Lisa, ndiye anayetajwa kuwa mwanamke aliyechorwa na Leonardo da Vinci kwenye Mona Lisa. Waitaliano wenyewe wanaiita zaidi La Gioconda, kwa jina la ukoo wa mume. Leonardo alihamia Ufaransa akiwa mzee, kwa mwaliko wa mfalme François, na picha ikaishia kwenye mali za mfalme huyo. Kwa hiyo uso maarufu kuliko wote duniani ulitoka nyumbani kwa Francesco mmoja ukaishia kwa Francesco mwingine, tena yule wa pili ni Mfaransa wa kweli. Likumbuke pia jina la Leonardo. Litarudi.

Jina zuri kwenye mikono ya vita

Kurasa za majina ya watoto hazipendi kugusa sehemu hii. Mtu akisikia Francesco ana asili ya mtakatifu wa amani, anadhani kila aliyeliitwa alikuwa mpole. Pwani ya Afrika Mashariki inajua vingine.

Julai 1505 meli za Wareno zilifika Kilwa zikiongozwa na Francisco de Almeida. Waliuteka mji, wakajenga ngome. Agosti wakafika Mombasa, wakaipora na kuichoma moto. Jina la kiongozi wao lilikuwa lile lile la maskini aliyeonana na Sultani bila silaha. Mwaka 1542 akapita Malindi mwingine, Mtakatifu Francis Xavier, akielekea India kuhubiri. Pwani moja, ndani ya miaka chini ya 40, Francisco wawili, na kila mmoja aliacha kumbukumbu yake.

Upande wa Italia yuko Francesco Crispi, waziri mkuu aliyetaka Italia iwe na makoloni kama wenzake. Chini yake majeshi ya Italia yaliingia Ethiopia, na Machi 1, 1896, kule Adwa, jeshi la Mfalme Menelik II likawapiga vibaya sana. Siku chache baadaye Crispi akaachia ngazi.

Hawa hawakuharibu jina. Wala mtakatifu hakulisafisha moja kwa moja. Jina linabebwa upya na kila anayelipewa.

Majina ya mtaani

Hakuna Mwitaliano anayemwita rafiki yake "Francesco" kamili kila saa. Kuna Franco, ambalo siku hizi ni jina linalojitegemea. Kuna Checco na Cecco. Kusini kuna Ciccio, ambalo pia linatumika kwa mtu mnene, kwa hiyo angalia unamwita nani. Roma wanakata tu: "Francè!" Francesco Bagnaia, bingwa wa dunia wa MotoGP mwaka 2022 na 2023, dunia inamjua kama Pecco.

Ila kwa kizazi cha wapenda soka, Francesco ni mmoja: Totti. Alizaliwa Roma mwaka 1976, akaanza kuichezea timu ya wakubwa ya Roma mwaka 1993, akatundika daluga pale pale mwaka 2017. Mechi 786, mabao 307, klabu moja. Alibeba Kombe la Dunia mwaka 2006, na fainali waliyoshinda kwa penalti ilikuwa dhidi ya nani? Ufaransa. Francesco akiwafunga Wafaransa, jina lenyewe lilipaswa kucheka.

Lilivyotawala, na lilivyopinduliwa

Kwa miongo mingi Italia ilikuwa nchi ya Giuseppe. Sababu ni utamaduni. Hasa kusini, mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba, jambo ambalo makabila mengi ya huku yanalielewa bila kufafanuliwa. Kumwita mtoto jina la baba yake aliye hai sheria inakataza, kwa hiyo jina linaruka kizazi: babu Francesco, baba Giuseppe, mjukuu Francesco. Kila mwaka Oktoba 4, mwenye jina anapongezwa kwa siku ya mtakatifu wake, na kwa familia nyingi ni kama siku ya kuzaliwa ya pili. Calabria wengi wanasherehekea Aprili 2, siku ya yule wa Paola.

Takwimu za Istat, taasisi ya takwimu ya Italia, zinaonyesha Francesco likishika namba moja kwa watoto wa kiume kuanzia 2001 hadi 2017. Wapenzi wa Roma watakwambia 2001 ndio mwaka Totti alibeba ubingwa wa Italia, na 2017 ndio mwaka alistaafu. Imegongana tu, lakini ni raha kuitaja.

Machi 13, 2013, kardinali kutoka Argentina, Jorge Mario Bergoglio, mwenye wazazi wa ukoo wa Kiitaliano, alichaguliwa kuwa Papa. Akachagua Francesco. Katika karibu miaka 2,000 ya mapapa hakuna aliyewahi kulichukua jina hilo. Alieleza mwenyewe kwamba rafiki yake kardinali alimwambia asiwasahau maskini, na hapo hapo akamkumbuka mtu wa Assisi. Novemba 2015 alifika Kangemi, Nairobi, mtaa wa watu wa kipato cha chini. Februari 2019, miaka 800 baada ya safari ya Damietta, alikwenda Abu Dhabi akakutana na Imamu Mkuu wa Al-Azhar. Alifariki Aprili 21, 2025.

Ungetegemea Papa mwenye jina hilo alipandishe zaidi. Lakini tayari lilikuwa juu kabisa kabla yake, na mwaka 2018, yeye akiwa bado madarakani, likapinduliwa. Lililochukua kiti ni Leonardo, jina la yule mchoraji wa mke wa Francesco del Giocondo. Limekaa namba moja tangu wakati huo, na Edoardo na Tommaso nayo yakaja juu.

Kuna jambo zito zaidi nyuma ya msimamo huo. Italia inazaa watoto wachache kila mwaka. Mwaka 2008 walizaliwa zaidi ya 570,000. Mwaka 2023 hawakufika 380,000. Familia ya watoto watano ilikuwa na nafasi ya jina la babu, la mjomba na la mtakatifu. Familia ya mtoto mmoja ina nafasi moja tu, na wazazi wengi wanaitumia kwa jina wanalolipenda wenyewe. Babu Francesco anakosa wa kumrithi, hata kama hakuna aliyemchukia.

Hata hivyo nchi haijalisahau. Mtakatifu wa Assisi ni msimamizi wa Italia tangu 1939, na mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria ya kuirudisha Oktoba 4 kuwa sikukuu ya taifa kuanzia 2026, mwaka wa 800 tangu kifo chake. Kwa wanaopenda kupumzika kazini, kuna habari mbaya: mwaka huo Oktoba 4 inaangukia Jumapili.

Sasa maana yake ni nini?

Ukifungua kamusi, Francesco ni Mfaransa, na ukichimba zaidi ni mtu huru. Lakini muulize mama wa Napoli kwa nini amemwita mwanawe hivyo. Hatataja Wafranki. Atataja babu yake, au mtakatifu, au kwa kunong'ona atamtaja Totti.

Wazazi wengi wapya siku hizi wanakesha kwenye simu wakitafuta jina lenye maana ya "baraka", "mshindi" au "mfalme", kana kwamba maana ikiwa kubwa maisha ya mtoto yatafuata. Pietro di Bernardone naye aliamini hivyo. Alilifuta jina la mkewe akaweka lake, lenye harufu ya soko na faida. Mtoto akalichukua jina hilo hilo, akaliishi anavyojua, na miaka 800 baadaye mamilioni wanaitwa hivyo bila hata mmoja kufikiria vitambaa. Pietro mwenyewe, na duka lake lote, anakumbukwa kwa sababu moja tu: alikuwa baba wa Francesco.